Kisanduku cha Nyongeza

Niliwasikia kabla sijaona kitu. Ngazi za jengo lile hazikuwa na dirisha, na asubuhi ile umeme ulikuwa umekatika, nikawa napanda kwa kupapasa ukuta, begi la kompyuta likinigonga kiunoni. Juu, mahali fulani gizani, wanawake walikuwa wanaita bei. Mmoja alisema mahindi yameshuka. Mwingine, mwenye sauti kavu ya mtu aliyeamka mapema mno, alisema maharage ya manjano hayapo Nagongera, asije mtu kupoteza nauli yake. Wa tatu alicheka katikati ya karanga, akamsalimia mtu aliyekuwa anapita, akarudi kwenye karanga. Nilihesabu sauti saba, labda nane. Nikadhani kikao kimeanza bila mimi, nikaanza kutunga maneno ya kuomba radhi.

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Bawaba zake zilikuwa zimelegea, ulikuwa unakwaruza saruji, na watu wa ofisi ile walishaacha kujisumbua kuufunga. Nikausukuma. Ndani palikuwa na mwanamke mmoja tu, sweta mabegani, daftari la shule mbele yake, na simu imelazwa mezani. Sauti zote zilikuwa zinatoka kwenye simu ile.

"Wewe ndiye mwandishi?" aliniuliza bila kuinua kichwa. "Kaa. Nangoja wa soko la Osukuru amalize kukohoa."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kazini Busia, upande wa Uganda, katika chama cha wafanyabiashara na wakulima wa pande zote mbili za mpaka, wengi wao wanawake. Nilikuwa nimetoka Kampala, ambako nilikuwa na marafiki wa vitabu, watu wa kusomeana kurasa kwenye veranda na kugombana juu ya neno moja hadi chai ipoe. Walipoisherehekea safari yangu kila mmoja aliahidi kuja kunitembelea. Nilipanga chumba karibu na foleni ya malori. Nilikuwa na riwaya niliyokuwa naiandika, na ili riwaya iandikwe ilibidi mtu ale, ndiyo maana nikakubali kazi ya kuandika maneno ya tovuti.

Tovuti yenyewe ilikuwa ya yule mwanamke, ambaye sasa alikuwa mwenzangu wa ofisini. Aliijenga peke yake. Kila alfajiri, mwanamke mmoja katika kila soko alimtumia meseji ya sauti yenye bei za siku hiyo. Mwenzangu alisikiliza, akaandika kwenye daftari, kisha akaziingiza kwenye kompyuta, na kufika saa tatu mtu yeyote mwenye simu, awe Busia au Tororo, aliweza kujua apeleke wapi gunia lake. Ilikuwa tovuti iliyokua kama nyumba za mtaa wetu: chumba kimeongezwa hapa, bati limeegeshwa pale. Lakini ilifahamu mambo. Siku yangu ya kwanza niliandika "dagaa" kwa Kiswahili changu kizuri, na hakuna mfanyabiashara hata mmoja aliyeiona bei ile, kwa sababu upande wa Kenya samaki huyo anatafutwa kwa jina la omena na upande wa Uganda kwa jina la mukene. Mwenzangu alicheka mpaka akavua sweta.

"Mwandishi, umeficha samaki!" alisema. "Wewe umeandikia watu gani?"

Kisha akanionyesha orodha aliyoitengeneza kwa mkono, majina yote ya kila kitu, kila upande, ili anayetafuta kwa jina la nyumbani kwao asikose.

Na palikuwa na kisanduku cha nyongeza. Asiyewahi kununua nafaka kwetu nimweleze. Muuzaji akishajaza gorogoro, lile kopo la kupimia, na kulisawazisha kwa kiganja, hamalizi. Anachota tena kidogo, anakumiminia juu. Hiyo ndiyo nyongeza. Haimo kwenye bei, lakini watu huchagua muuzaji kwa ajili yake, na asiyeitoa husemwa soko zima. Katika tovuti ya mwenzangu, pembeni ya bei, palikuwa na kisanduku ambacho ndani yake aliandika maneno ya wale wanawake kama walivyoyasema: "kiganja kimoja"; "viganja viwili kama mnafahamiana"; "leo hakuna, mvua imeninyima."

Hata chai yake ilikuwa na nyongeza. Alikuja na chupa ya chai kila siku, akajaza kikombe changu hadi ukingoni, akangoja nipunguze kidogo, akamimina tena. "Nyongeza," alisema, akarudi kwenye simu yake.

Nilikuwa naweza kukaa tangu Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi bila mtu kulitaja jina langu. Jumapili nilikwenda kanisani, nikaimba kati ya watu, nikarudi chumbani na nyimbo zikiwa bado kooni na hakuna wa kumwambia kitu. Malori yalinguruma na kuzima, yakanguruma na kuzima. Marafiki wa veranda waliandika mara chache, halafu wakawa wanapitisha tu alama ya moyo chini ya nilichoandika, halafu basi. Jumatatu nilizipanda zile ngazi mbili mbili.

Miezi michache baadaye wafadhili wa chama walikubali tujenge tovuti kubwa. Bei za masoko yote, kurasa za kila kikundi, taratibu za forodha, mafunzo ya kuhifadhi nafaka, katika lugha tano. Tovuti ya zamani isingebeba mzigo huo. Ilibidi tuchague mfumo wa kuijengea, na mama mwenyekiti, mwanamke Msamia aliyekuwa anauza samaki wakavu tangu kabla sijazaliwa, akanipa mimi kazi ya kuandika vigezo na kujaza jedwali la alama. Alisema mtu anayeandika vitabu hawezi kushindwa na jedwali.

Mifumo iliyobaki mwisho ilikuwa miwili. Wa kwanza ulikuwa wa kampuni kubwa, ule unaotumiwa na mabenki na mashirika, unalipiwa leseni kila mwaka na kampuni yenyewe inautunza. Wa pili ulikuwa wa wazi, umejengwa na watu wengi duniani wasiofahamiana, hakuna leseni, lakini unahitaji fundi wako mwenyewe wa kuushona na kuushonea viraka maisha yake yote.

"Tukichukua huo wa kampuni," mama mwenyekiti aliniambia tukiwa wawili tu, "kazi ya mwenzako imekwisha. Tukichukua huo mwingine, yeye ndiye fundi. Uandike unavyoona, mwanangu. Usiangalie uso wa mtu."

Nikaangalia uso wa mtu. Sikuangalia kingine chochote. Nilirudi ofisini nikamkuta amejifunika sweta, anasikiliza bei za soko la Buhehe, midomo yake inafuatisha namba, na nikaona meza ile ikiwa tupu. Nikaona Jumatatu yangu. Kigezo cha usalama nilikipa uzito wake wa haki, na cha kasi kwenye simu za bei ndogo, na cha lugha. Lakini kilipofika kigezo cha kwamba mfumo uendelee hata mtu mmoja akikosekana, nikaandika uzito wa mbili kati ya kumi. Halafu nikaongeza kigezo changu mwenyewe, nikakipa kumi kamili: mfumo uweze kubeba nyongeza. Nilikuwa nimesoma maelezo ya ule mfumo mkubwa, ukurasa kwa ukurasa, uzito wa bidhaa, ujazo, punguzo, kodi. Nyongeza haikuwemo. Nikajiambia ninafanya hivyo kwa ajili ya wale wanawake.

Katikati ya siku hizo mwenzangu akaugua malaria. Siku ya kwanza nilikaa kwenye kiti chake na simu yake. Sauti zilipoanza nikagundua kwamba wale wanawake hawajitaji. Hakuna aliyesema yuko soko gani, kwa sababu miaka yote waliongea na mtu anayewafahamu kwa kikohozi. Nikakisia. Bei ya Nagongera nikaiweka Buhehe, ya Buhehe nikaiweka Osukuru, na kabla ya saa nne kijana wa boda boda alikuwa amembeba mwanamke na karanga zake hadi soko ambalo halikuwa na haja nazo. Yule mama akapiga simu. Sijawahi kutukanwa kwa adabu kiasi kile.

"Mwanangu," alisema, "hii bei umeota?"

Saa tano nilisikia hatua kwenye ngazi, moja, kisha kimya, kisha nyingine. Mwenzangu aliingia akitetemeka, sweta mbili, macho mekundu. Alikaa, akazirudia sauti zote tangu mwanzo, akasahihisha, kisha akalaza kichwa juu ya daftari. Nilimpelekea maji. Nilikuwa na jedwali langu kwenye kompyuta, ile mbili kati ya kumi iko palepale, na sikuigusa. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote: kwamba niliona, nikafunga kompyuta.

Siku ya kuonyeshwa mfumo wa kampuni tulikusanyika chini, kwenye chumba cha kuhifadhia magunia. Ukuta ulipakwa chokaa ili projekta ionekane. Walikuja wanawake kama kumi, wale wale wa sauti, na mimi nilikaa nikijaribu kuzipa sauti nyuso. Yule wa Osukuru alikuwa mdogo kuliko kikohozi chake. Kijana wa kampuni alitoka Nairobi, shati limenyooka, mchangamfu, akawaamkia wote "shikamoo mama" mmoja baada ya mwingine, wakampenda kabla hajawasha kitu. Alionyesha jinsi muuzaji atakavyoingiza bei mwenyewe, kwenye simu yoyote, kwa kubonyeza namba. Alionyesha lugha tano. Alionyesha jinsi mtu akitafuta mukene anavyomwona omena.

Nikangoja. Kisha nikasoma kigezo changu kwa sauti. Nyongeza iko wapi?

"Iko wapi?" wanawake wakadakia. "Eh, bwana wa kompyuta, hii kitu yako inajua nyongeza?"

"Nyongeza kama discount?" aliuliza.

Chumba kizima kikaguna. Nilisikia moyo wangu ukitulia kwa furaha mbaya. Mama mwenyekiti akamweleza, akachota mahindi kwenye gunia lililokuwa wazi, akajaza kopo, akasawazisha, akamimina juu yake kiganja. Kijana akatazama. Akasema, "Sawa, nimeshika," akainama kwenye kompyuta yake. Sisi tukaongea habari za mvua. Hata chai haikuwa imeisha kwenye vikombe alipoinua kichwa, na ukutani, pembeni ya bei, palikuwa na kisanduku kipya.

Mwanamke wa Osukuru akajaribu kwenye simu yake. "Iko inataka namba," alisema. "Nyongeza haina namba. Ukiipima si inakuwa bei?"

"Hakuna noma, mama." Akainama tena. Kisanduku sasa kilipokea maneno. Mwanamke akaandika kitu, akacheka, na ukutani pakatokea: viganja viwili kama unanisalimia vizuri.

Wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu. Kisanduku kile mwenzangu alikihangaikia wiki mbili, miaka iliyopita, aliwahi kuniambia. Nilijua ninachopaswa kuandika na mkono haukwenda.

Kutoka nyuma, penye magunia, sauti ya mwenzangu ikasema, "Mwandishi, mpe alama zake."

Nikaandika kumi.

Mama mwenyekiti alivaa miwani akalichukua jedwali. Alisoma polepole, kidole kikishuka. Kidole kikasimama. "Hapa," alisema. "Mtu mmoja akikosekana. Umeweka mbili. Kwa nini mbili?"

Nilitazama chokaa. Nikasema nitaliangalia tena.

"Weka kumi," mwenzangu alisema. Alikuwa amesimama sasa. "Mama yangu yuko kitandani Nagongera. Si mbali. Kila siku ya soko nasikia soko la kwetu kwenye simu, nasikia hata redio ya jirani, nasikia mbuzi wa kwetu, lakini siwezi kwenda kwa sababu nikienda watu wanapeleka karanga mahali si pake." Wanawake wakacheka, na yule wa karanga akanitazama. Mwenzangu hakucheka. "Nachoka. Weka kumi."

Kisha akamgeukia kijana wa Nairobi na kumuuliza jambo ambalo kwenye kurasa zangu zote za vigezo sikuwa nimeliandika. "Siku tukitaka kuuacha mfumo wenu, tunatoka na vitu vyetu, ama tunaviacha kwenu?"

Kijana alisema mnatoka navyo, bila shaka.

"Nionyeshe."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, kaka. Mimi si mtu wa kuambiwa."

Ilimchukua muda zaidi kuliko nyongeza. Alitoa jasho kidogo, akapiga simu moja, mwisho akampa faili. Mwenzangu akalifungua kwenye kompyuta yake mwenyewe, akashuka nalo mstari kwa mstari hadi akaipata ile sentensi ya viganja viwili. Akatikisa kichwa kukubali. Mama mwenyekiti alikuwa ameshavua miwani.

Nililisahihisha jedwali siku hiyo hiyo. Mfumo wa kampuni ulishinda kwa mbali, na ungeshinda tangu mwanzo kama ningelijaza kama mtu mzima. Tulikaa ofisini wawili, chupa ya chai katikati.

"Ulitaka nibaki," alisema.

"Ndiyo, dada."

"Ungeniuliza."

"Ungesema nini?"

"Ningesema nakwenda." Alifuta meza palipokuwa pasafi. "Ndiyo maana hukuuliza."

Majuma yaliyofuata tulihamisha. Yeye alitoa vitu kwenye tovuti yake chumba kwa chumba, mimi nikavipokea upande wa pili na kuviweka mahali pake. Orodha yake ya majina ilikuwa ndefu kuliko nilivyodhani. Kulikuwa na maneno ya Kisamia, ya Kidhopadhola, ya Kiteso, mengine ya kijiji kimoja tu, mengine ya mwanamke mmoja tu. Nilimuuliza kama tuyaache hayo. Akasema huyo mwanamke naye anatafuta bei. Tukayahamisha yote. Wanawake nao wakafundishwa kubonyeza, na mmoja baada ya mwingine meseji za sauti zikaanza kupungua. Asubuhi moja zilikuwa tano. Baadaye tatu. Namba zilitokea zenyewe kwenye kioo cha kompyuta yangu, sahihi, mapema kuliko zamani, na hazikukohoa.

Siku yake ya mwisho ilikuja sauti moja tu. Ilikuwa ya Osukuru. Alitaja mahindi, akataja mtama, vitu ambavyo alikuwa ameshaviingiza kwa kubonyeza na mimi nilikuwa ninaviona. Kisha akasema, "Na nyongeza leo hakuna mtu anapata. Nimeiweka yote kwa mfuko, dada, ya mgonjwa wetu. Ukipita shuka uchukue."

Mwenzangu aliisikiliza mara mbili. Akazima simu, akaiacha mezani, maana ilikuwa ya ofisi. Vyake vilikuwa vichache: kikombe, sweta, daftari, kimto cha kiti. Alivipanga kwenye mfuko wa shangazi kaja, ule mkubwa wa mistari, akamimina chai iliyobaki kwenye kikombe changu. Ilifika ukingoni. Nikanywa kidogo, nikangoja. Akaitikisa chupa sikioni.

"Imeisha," alisema, akaitia mfukoni.

Nilimuuliza kama nimsindikize hadi kwenye magari ya Tororo. Alisema nibaki, Buhehe hawajazoea kubonyeza, huenda wakapiga.

"Utakuja Nagongera siku ya soko?"

"Nitakuja."

"Usiseme tu kama wale rafiki zako wa Kampala."

"Nitakuja, dada."

Alinitazama kama anavyoisikiliza sauti, mpaka akawa na uhakika, au akaamua kuwa nao. Kisha akatoka. Nilifikiri ataacha mlango kama tulivyouacha siku zote, wazi kidogo, nisikie hatua zake kwenye ngazi. Lakini ulipoanza kukwaruza alisimama, akaunyanyua kwa bega kama mtu anayemsaidia mgonjwa kuinuka, ukapita juu ya saruji bila sauti, ukafungika.